Mixtape ya dancehall na dub kwa mkono wa mtu wa redio: mwongozo kamili wa dakika 60

DJ wa klabu anaficha kiungo. Hataki ujue wimbo wa kwanza umeishia wapi na wa pili umeanzia wapi, miguu isije ikasimama. Mtu wa redio anafanya kinyume. Anakaa palepale kwenye kiungo, anashusha muziki, anakwambia nani anapiga besi hiyo na imepigwa lini, halafu anakuachia. Ukitaka kumsikia mtu aliyeiva kwenye kazi hii, mtafute David Rodigan wa Uingereza. Alizaliwa 1951, akasomea uigizaji (mwaka 1986 alipata hata nafasi ndogo kwenye tamthilia ya Doctor Who), lakini tangu 1978 amekuwa nyuma ya maiki akipiga rege: kwanza BBC Radio London, kisha Capital Radio kuanzia 1979 hadi 1990, kisha Kiss FM na kwingineko. Mwaka 2010 klabu ya Fabric ya London ilimpa toleo namba 54 la mfululizo wake wa CD, yeye wa redio katikati ya vijana wa klabu.

Tunachotengeneza hapa ni kitu cha aina hiyo, saa moja kamili. Unahitaji laptopu ya kawaida, hedifoni, simu ya kurekodia sauti yako, na programu mbili za bure: Mixxx ya kuchanganyia na Audacity ya kumalizia. Meza ya DJ ikiwepo ni vizuri. Isipokuwepo, kibodi inatosha.

Msamiati kwanza, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Kwa Wajamaika, "deejay" si anayechagua nyimbo. Ni yule anayeghani juu ya muziki, kama U-Roy au Sister Nancy. Anayechagua ni selekta. Ridimu ni muziki mtupu, yaani besi, ngoma, gitaa na kinanda, ambao waimbaji ishirini wanaweza kupanda juu yake na kila mmoja akatoka na wimbo wake. Vesheni ni upande wa pili wa santuri ya inchi 7: ridimu ileile bila mwimbaji. Dub ni vesheni iliyopita mikononi mwa fundi aliyeamua nini kibaki na nini kitoke.

Vesheni yenyewe ilianza kwa kosa. Mwishoni mwa miaka ya 60, Ruddy Redwood, mwenye saundi sistimu (disko la kuhama na spika zake kubwa) huko Spanish Town, alikwenda studio ya Duke Reid kukatiwa nakala ya wimbo wa The Paragons. Fundi akasahau kufungulia sauti ya mwimbaji. Ruddy akaichukua hivyohivyo, akapiga kwanza ile yenye sauti, kisha ile isiyo na sauti, na watu uwanjani wakauimba wimbo wote wao wenyewe. Kumbuka mpangilio huo wa sauti kwanza, kisha utupu. Mixtape nzima tutaijenga juu yake.

Hatua ya 1: chagua ridimu, si nyimbo

Wengi huanza kwa kuandika nyimbo ishirini wanazozipenda. Ukifanya hivyo utapata orodha ya nyimbo ishirini, basi. Wewe anza na ridimu sita, na kwa kila moja tafuta vitu vitatu: wimbo wa kuimbwa, wimbo wa deejay, na vesheni au dub. Kila ridimu ikae hewani dakika nane hivi. Sita mara nane ni 48. Dakika 12 zinazobaki ni za maneno yako na dub mbili tatu zinazosimama peke yake.

Chukua Stalag. Mtayarishaji Winston Riley aliitoa mwaka 1973 kama muziki mtupu, kinanda kikiwa cha Ansel Collins. Mwaka 1982 Sister Nancy akapanda juu yake na Bam Bam. Mwaka 1985 Tenor Saw akapanda na Ring the Alarm. Miaka kumi na miwili, besi ileile, na kila mara inasikika kama imezaliwa jana. Msikilizaji ambaye hajui neno ridimu ataielewa maana yake akiwa amekaa kwenye kiti chake, ilimradi umpangie hizi tatu zifuatane.

Ya pili isiyokosekana ni Sleng Teng. Mlio wake wa msingi ulikuwa tayari ndani ya kinanda kidogo cha Casio MT-40, chini ya kitufe cha rock. Mtayarishaji Prince Jammy akaupunguza kasi, akamweka mwimbaji Wayne Smith juu yake, na Februari 1985 akaupiga kwenye pambano la saundi sistimu Waltham Park Road, Kingston. Baada ya hapo wapiga besi wa Jamaika walianza kuhesabu siku, kwa sababu mashine ilikuwa inakula sahani yao. Hapa ndipo dancehall ilipohama kutoka bendi kwenda kompyuta, kwa hiyo kwenye mixtape yako iweke katikati, kama mlango. Kabla yake weka mambo ya mikono: Real Rock ya Studio One, Stalag, dub za King Tubby na Augustus Pablo. Baada yake weka za mashine, mpaka Diwali ya Lenky Marsden, ile yenye makofi, iliyowabeba Sean Paul na Wayne Wonder mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Sikiliza maneno ya kila wimbo mpaka mwisho kabla hujauchagua. Dancehall ina matusi, ina bunduki, ina chuki ya wazi pia, na Kipatwa (lugha ya mitaani ya Jamaika) cha haraka kinaweza kukupita. Hata kwao kuna mipaka: mwaka 2009 Tume ya Utangazaji ya Jamaika ilipiga marufuku redioni nyimbo za daggering, dansi ya kuigiza ngono. Nyimbo nyingi za dancehall zina toleo lililosafishwa kwa ajili ya redio. Tafuta hilo.

Hatua ya 2: pata faili safi

Sitakaa sana hapa. Nunua mahali wanapouza faili kamili, FLAC au WAV, kama Bandcamp. Faili iliyobanwa mara tatu ikipita mtandaoni inapoteza kwanza sauti za juu kabisa, kwenye upatu. Wimbo usipokuwa na vesheni, programu ya bure iitwayo Ultimate Vocal Remover hutenganisha mwimbaji na muziki. Itabaki mizimu kidogo ya sauti. Usihangaike nayo, mwangwi utaifunika.

Hatua ya 3: pima kasi kwa sikio

Hesabu midundo kwa sekunde 30, zidisha kwa mbili. Rege na dub za miaka ya 70 nyingi ziko kati ya 65 na 80 kwa dakika. Dancehall ya mashine iko kati ya 90 na 105. Andika kwenye karatasi. Mixxx itakupimia yenyewe, lakini inadanganyika: dub ya 75 itakuandikia 150. Kuna kitufe cha kugawa kwa mbili, bonyeza.

Ila usiwashe kitufe cha kulinganisha kasi kiotomatiki kwenye nyimbo za zamani. Zile zilipigwa na watu. Mpiga ngoma alikuwa akichangamka kwenye kiitikio na kupoa kwenye ubeti, na hakuna gridi ya programu (mistari yake ya midundo) inayoweza kumfuata. Unganisha kwa mkono, na kiungo chako kiwe kifupi, baa nne au nane (baa moja ni midundo minne). Na usivute kasi ya wimbo zaidi ya asilimia 4. Ukifika karibu 6 bila kufunga toni kwa kitufe cha keylock, wimbo wote umepanda nusu toni, na mwimbaji anaanza kusikika kama mtoto. Ukifunga toni isipande, besi inachafuka. Mimi siifungi kamwe.

Hatua ya 4: mwangwi

Hapa tutakaa.

King Tubby, jina lake Osbourne Ruddock, alikuwa fundi wa redio na amplifaya mtaa wa Waterhouse, Kingston. Studio yake ilikuwa chumba cha nyumba ya familia, Dromilly Avenue. Alinunua mikisa (meza ya kuchanganyia sauti) kuukuu ya MCI kutoka studio ya Dynamic, na kanda alizoletewa zilikuwa na njia nne tu. Kwa kawaida ngoma njia moja, besi ya pili, gitaa na kinanda ya tatu, sauti na tarumbeta ya nne. Vitelezi vinne vya kupandisha na kushusha sauti, vidole vinne. Sehemu kubwa ya unachosikia kwenye dub zake ni kitelezi kushushwa, na kwa hiyo ukisema dub ni kuongeza vikorombwezo umeikosa tangu mwanzo. Dub ni kutoa. Mwangwi upo ili kujaza pengo kwa kumbukumbu ya kilichotolewa.

Kwenye Mixxx weka kifaa cha mwangwi kwenye deki ya kwanza. Muda wake uhesabu hivi: 60,000 gawanya kwa kasi ya wimbo. Wimbo wa 75 unakupa milisekunde 800, huo ni mdundo mmoja. Wa 80 unakupa 750. Sasa chukua robo tatu ya hiyo. Kwa wimbo wa 75, robo tatu ya 800 ni 600. Mwangwi wa robo tatu hauangukii juu ya ngoma, unaanguka pembeni yake, kama mtu anayejibu kabla hujamaliza kuuliza. Ndio mlio ambao masikio ya watu yanauita dub.

Marudio (feedback) yaweke nusu, au chini kidogo. Ukikaribia mwisho wa kifungo, mwangwi haufifii tena, unarundikana juu yake wenyewe mpaka uzime kila kitu. Siku moja moja hicho ndicho unachokitaka, lakini kidole kikae tayari kwenye kuzimia.

Halafu, urushe. Usiuache umewashwa wimbo mzima, huo ni uchafu. Subiri mkia wa neno. Mwimbaji akifika silabi ya mwisho ya mstari, fungua kifungo cha Send, kile kinacholisha mwangwi, na silabi ikishapita, kifunge. Papo hapo shusha kitelezi cha wimbo. Silabi inabaki ikitembea peke yake juu ya kimya, mara tatu, nne, tano, ikififia. Fanya zoezi hili dakika ishirini na wimbo mmoja tu kabla hujajaribu kitu kingine. Wengi wanafungua wakiwa wamechelewa, wananasa pumzi ya mwimbaji badala ya neno.

Sasa siri iliyonichukua muda mrefu kuiona, ingawa ni hesabu ya darasa la tano. Tatizo kubwa la mixtape ya dub na dancehall pamoja ni kwamba kasi haziungani. Kutoka 75 kwenda 100 ni theluthi nzima, huwezi kuivuta. Lakini ule mwangwi wa milisekunde 600 unadunda mara ngapi kwa dakika? Gawanya 60,000 kwa 600: mara 100. Yaani mkia wa dub yako ya 75 tayari unatembea kwa kasi ya dancehall. Rusha neno la mwisho, shusha dub, acha mwangwi udunde mara nne peke yake, na kwenye wa tano ingiza Diwali, ambayo iko karibu na 100. Msikilizaji hatajua amevushwaje. Dub ya 72 inakupeleka 96 kwa njia hiyohiyo, mwangwi ukiwa 625. Ipange mixtape yako ukitafuta jozi hizi: 69 na 92, 72 na 96, 75 na 100.

Kifaa cha pili ni chujio. Mikisa ya Tubby ilikuwa na kifungo kikubwa cha kukata sauti za chini, na alikizungusha kama mtu anayetafuta stesheni. Kwenye Mixxx ni kile kifungo cha athari ya haraka: zungusha kulia taratibu mpaka muziki uwe kama redio ya mkulima kwenye mti wa mbali, shikilia baa mbili, kisha rudisha kwa mpigo. Besi inarudi kama mlango uliofunguliwa na teke. Mara mbili kwa saa inatosha.

Hatua ya 5: kiungo kimoja kwa karibu

Turudi Stalag, Sister Nancy kwenda Tenor Saw.

Bam Bam iko deki ya kwanza, vesheni ya Stalag deki ya pili, imesimama kwenye mdundo wa kwanza wa baa, besi yake imekatwa kabisa. Kiitikio kinaisha. Kwenye "bam" ya mwisho fungua mwangwi na uiachie vesheni. Kwa mdundo mmoja zote mbili zinalia. Hapo shusha ya kwanza na urudishe besi ya pili kwa wakati mmoja, mkono huku na mkono huku. Besi mbili ni fahali wawili, hazikai zizi moja: zikilia pamoja hata kwa baa moja unapata mngurumo usio na sauti yoyote ndani yake.

Vesheni iko peke yake sasa. Iache baa 16, ambazo kwa kasi ya 80 ni sekunde 48. Utaona ni nyingi, mkono utakuwasha. Vumilia. Kwenye baa ya tano sema maneno yako, kama utasema. Kwenye baa ya kumi na tatu kata besi, zibaki ngoma na kinanda. Wakati huo Ring the Alarm imeshasogezwa deki ya kwanza, kasi imelinganishwa kwa sikio kwenye hedifoni. Kwenye baa ya kumi na saba Tenor Saw anaingia na besi inarudi naye. Ukiwa umeifanya sawasawa, mtu uliyekaa naye chumbani atainua kichwa, si kwa sababu wimbo umebadilika bali kwa sababu haukubadilika.

Hatua ya 6: sauti yako

Bila hii una mchanganyiko mzuri, lakini huna mixtape ya mtu wa redio.

Ongea juu ya vesheni tu, kamwe usiongee juu ya mwimbaji. Sekunde 10 hadi 20, mara sita au saba kwa saa nzima. Kila mara beba kitu kimoja ambacho msikilizaji hakukijua: mwaka, mtaa, jina la mpiga besi, kile kitufe cha Casio. Usisifu wimbo. "Hii ni moto" haimwambii mtu chochote, moto ataupima mwenyewe.

Na zungumza kama unavyozungumza. Nimesikia vijana wa Dar na Mombasa wakifika kwenye maiki na ghafla wamezaliwa Kingston. Rodigan amekwenda Jamaika kupambana na Barry G, mtangazaji wa JBC, shirika la utangazaji la Jamaika, mbele ya Wajamaika wenyewe, na Uingereza wake haukumzuia kupendwa. Kiswahili chako kinakaa vizuri sana juu ya besi, maneno yake mengi yanaishia kwa irabu na mwangwi unazipenda. Jaribu kurusha "karibuni" kwenye milisekunde 600 uone.

Rekodi kwa simu, sentimita 20 hivi kutoka mdomoni na pembeni kidogo, ili "p" na "b" zisipige kishindo. Chumba kikiwa na mwangwi wake, fungua kabati la nguo na uongee ukilielekea. Kanga na makoti hunyonya sauti. Baadaye kwenye Audacity shusha muziki desibeli 8 hadi 10 chini ya maneno, ushuke kwa nusu sekunde na upande kwa sekunde moja.

Hatua ya 7: kurudisha

Kurudisha wimbo mwanzo ni heshima ya uwanjani, pale watu wanapopiga kuta na kelele kuomba. Kwenye kurekodi hakuna ukuta wala watu. Rudisha mara moja tu katika saa nzima, kwenye wimbo unaostahili, ndani ya sekunde 20 za kwanza.

Hatua ya 8: rekodi kwa mafungu mawili

Kanda ya zamani ya C60 ilikuwa na dakika 30 kila upande, na mtu alipata nafasi ya kupumua akigeuza. Fuata hivyo. Fungu la kwanza liishie kwenye dub ndefu kabla ya Sleng Teng, la pili lianzie hapo. Mimi nilikuwa narekodi saa nzima kwa mkupuo, kwa kiburi tu, mpaka umeme ulipokatika dakika ya 52 na betri ya laptopu ilikuwa imekufa miezi miwili kabla. Faili haikufunguka tena. Kiungo bora nilichowahi kufanya maishani kimebaki humo.

Rekodi WAV. Ni karibu megabaiti 10 kwa dakika, kwa hiyo tenga gigabaiti moja. Mita isizidi desibeli -6, hata kwenye besi nzito. Sauti iliyopasuka wakati wa kurekodi haiponi.

Hatua ya 9: isikilize nje ya hedifoni

Unganisha mafungu, sawazisha ukubwa wa sauti kwa Audacity uwe -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kwa jinsi sikio linavyousikia), kilele kisivuke desibeli -1. Kisha toka nayo. Ipige kwenye spika ya simu: besi haitasikika, na hapo utajua kama maneno yako yanaeleweka na kama mwangwi haujawa mkali. Ipige kwenye gari la mtu, au mpe dereva wa daladala mnayefahamiana aipige ruti moja. Besi ikitetemesha kioo mpaka maneno yakapotea, punguza kidogo chini ya hezi 60. Andika kasoro kwa dakika na sekunde, rudi nyumbani, rekebisha hizo tu. Ukianza kugusa kila kitu hutamaliza.

Hatua ya 10: itoe

Nyimbo si zako, na hakimiliki inafanya kazi Tanzania na Kenya kama inavyofanya kazi London. Mixcloud ilijengwa kwa ajili ya mambo kama haya na ina makubaliano na wenye haki. YouTube inaweza kuzuia faili nzima kwa wimbo mmoja. Usiiuze. Ukitaka kupigwa redioni, stesheni yenyewe ndiyo yenye leseni, kwa hiyo wapelekee wao.

Kwa wale wa bando dogo toa nakala ya MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde, saa nzima ni karibu megabaiti 58. Ya 320 ni 144, waachie wenye spika.

Mwisho andika orodha ya nyimbo. Usiishie kwa mwimbaji na jina la wimbo: weka dakika unayoanzia, mwimbaji, jina, ridimu, mtayarishaji na mwaka. Fundi wa dub akijulikana, mweke pia, kwenye mstari wake mwenyewe.